Mwanao anasomea udaktari? Muulize amekula nini

Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa, kijana akichaguliwa kusomea udaktari habari husambaa kabla ya jua kuzama. Ni furaha ya ukoo mzima. Baada ya pongezi huja hesabu, na hesabu hiyo ikikosewa matokeo yake tunayaona sisi hospitalini: mwanafunzi mwenye maumivu ya tumbo asiyepata usingizi, na mzazi kijijini ambaye presha yake haishuki hata akinywa dawa. Ndiyo maana leo safu hii ya afya inazungumzia fedha.

Safari ni ndefu

Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Jirani yako aliyesomesha mtoto shahada ya miaka mitatu atakuwa ameshamaliza wakati wewe bado unatuma nauli. Na mwanao akishaanza kushinda wodini, likizo hupungua na zamu za usiku huanza. Usitegemee atapata muda wa kibarua.

Chuo cha udaktari kilicho karibu na Kagera ni kile cha Bugando, Mwanza, kilichoanza mwaka 2003. Kutoka Kayanga au Nkwenda hiyo ni safari ya kutwa. Akipangiwa Muhimbili, Dodoma au Moshi, umbali na nauli vinaongezeka. Ada ya chuo binafsi nayo inaweza kuwa mara mbili au zaidi ya ile ya chuo cha umma, kwa hiyo uliza kiasi chake kabla ya kuthibitisha nafasi.

Mkopo hauanzii chuoni

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, humpa kila mwombaji kulingana na hali ya familia yake. Wapo wanaonyimwa au kupata pungufu kwa sababu tu ya makaratasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo vilevile. Fomu husainiwa na serikali ya kijiji na kamishna wa viapo. Kama jina la ukoo limeandikwa kwa herufi tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye vyeti vya shule, rekebisha akiwa bado kidato cha tano, si wiki ya mwisho ya maombi. Kaya iliyo TASAF isisahau kuonyesha namba yake. Kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita, upo pia ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023.

Posho ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipanda mwaka huo kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Ukitoa kodi ya chumba na nauli ya daladala, kinachobaki ni cha kula kwa uangalifu. Tena fedha hiyo huja kwa awamu, na awamu ya kwanza inaweza kuchelewa. Mwanao aondoke nyumbani na fedha ya kujikimu walau mwezi mmoja. Ajue pia kwamba ni deni: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa kila mwezi.

Usiuze maua ya kahawa

Ninajua namna wengi wetu tunavyotafuta ada: butura. Kahawa ikiwa bado maua, mtu anakuja na fedha mkononi, na msimu ukifika gunia ni lake kwa bei aliyoitaka yeye. Ada ya mwaka wa kwanza inapatikana, lakini mwaka wa pili familia inaanza ikiwa na deni na haina mavuno. Udaktari una miaka mitano ya namna hiyo.

Kalenda yenyewe iko upande wako. Kahawa yetu huvunwa kuanzia katikati ya mwaka na vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Anayeuza kwenye chama chake cha msingi baada ya mavuno anaweza kutenga ada na nauli kabla fedha haijapata matumizi mengine. Kibanja kisiguswe. Kinalisha wadogo zake, na debe la maharage likipakiwa kwenye basi humpunguzia mwanao matumizi ya mwezi mzima.

Dalili za kuangalia

Njaa haifichiki mwilini. Mwanafunzi anayeruka mlo na kushindia vinywaji vya kuongeza nguvu hupata kiungulia, moyo kwenda mbio na usingizi wa vipande. Wengine hudondoka chumba cha upasuaji wakiwa wamesimama, kumbe hawajala tangu jana.

Shtuka ukiona mtoto aliyekuwa mcheshi hapokei simu, anaomba fedha kila wiki bila maelezo, ameanza kubeti, au amekopa kausha damu kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kufungia programu 69 za mikopo zisizo na kibali, lakini wakopeshaji wa mtaani bado wapo. Akisema amechoka kuishi, usimwambie ajikaze. Hiyo inaweza kuwa sonona, na anapaswa kuonwa na mtaalamu siku hiyohiyo.

Matibabu yake pia yawemo kwenye bajeti. Awe na bima ya afya. Kabla ya kuingia wodini apate chanjo tatu za homa ya ini aina ya B. Akijichoma sindano iliyotumika aripoti mara moja, kwani dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora.

Kama fedha haitoshi kabisa

Stashahada ya utabibu au uuguzi ni njia ya heshima. Muda wake ni mfupi, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 fani za afya ngazi ya stashahada zimeingizwa kwenye mikopo. Mtabibu anaweza kufanya kazi, kisha akarudi kusomea shahada.

Nawe mgonjwa, ukimwona wodini kijana wa koti jeupe anayekuuliza maswali marefu, una haki ya kumuuliza yeye ni nani na kukataa asikupime. Lakini ukikubali, unamsaidia kujifunza kazi atakayoifanya kwa watoto wako.

Na wewe mzazi, ukipiga simu jioni ya leo usianze na matokeo ya mtihani. Anza na chakula. Akisita kujibu, hapo ndipo mazungumzo yenu yaanzie.