Peroksaidi, Maji ya Moto na Vyombo vya Maziwa

Mfugaji wa Goba akamuaye alfajiri na kupeleka maziwa mjini kwa dumu hana adui mkubwa kuliko joto la pwani. Ndiyo sababu wapo wanaovutiwa na hidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ya kusafishia vidonda: wengine kwa kuoshea vyombo, wengine, kwa bahati mbaya, kwa kuitia ndani ya maziwa. Makatibu wa vyama wanapaswa kuifahamu tabia yake kabla wanachama hawajaigusa.

Dawa hii ni kama maji yaliyobebeshwa oksijeni ya ziada. Molekuli zake mbili zikivunjika hutoa molekuli mbili za maji na moja ya oksijeni, pamoja na joto. Lita 1 ya dawa ya asilimia 3 hutoa lita 10 hivi za gesi; ile kali ya viwandani, ya asilimia 35, hutoa zaidi ya lita 100. Dumu lililofungwa kabisa na kuachwa juani laweza kuvimba hata kupasuka.

Joto huharakisha kuvunjika huko. Kwa makadirio, kasi huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, hivyo katika maji ya nyuzi 75 huwa kama mara 30 ya kasi ya nyuzi 25. Hata hivyo joto halitendi peke yake. Katika chombo safi cha kioo dawa hustahimili. Palipo na kutu, shaba au manganizi huisha upesi. Hata katika maji yenye joto kali mno, kama ya mitambo ya nyuklia, imeonekana kwamba sehemu kubwa ya kuvunjika hutokea kwenye kuta za chombo, wala si katikati ya maji. Kwa hiyo bomba jembamba huimaliza dawa mapema kuliko tangi pana.

Mabaki ya maziwa nayo huivunja, kwa kuwa maziwa mabichi yana kimeng'enya kiitwacho katalasi. Povu jingi katika chombo kichafu hufurahisha macho, lakini aghalabu ni dawa inayopotea bure. Chombo kioshwe kwanza kwa sabuni na kusuuzwa, ndipo dawa iliyochanganywa wakati huo huo itiwe, na kifuniko kiachwe wazi. Dawa kali isimiminwe kamwe katika maji yanayochemka.

Viwanda vya maziwa ya pakiti huitumia tabia hiyo kwa faida: karatasi ya pakiti hupitishwa katika peroksaidi ya moto, kisha hewa ya moto huikausha na kuondoa masalio. Hiyo ni kazi ya mitambo yenye vipimo.

Kuitia katika maziwa ni jambo jingine. Mwongozo wa Codex wa mwaka 1991 ulieleza njia ya kuhifadhi maziwa mabichi kwa miligramu 14 za sodiamu thayosayaneti na miligramu 30 za sodiamu pakaboneti kwa lita, chini ya usimamizi. Kukisia kwa kifuniko cha chupa hakufanani na hilo. Kuchemsha baadaye kwaweza kuivunja peroksaidi, lakini sumu iliyokwisha kuachwa na bakteria aina ya stafilokoka haiondolewi na moto wa jikoni.

Kituo cha kukusanyia maziwa chaweza kupima kwa karatasi yenye iodaidi ya potasiamu na wanga, ambayo hugeuka buluu ikikuta peroksaidi. Kipimo kifanywe mara maziwa yanapopokelewa. Dawa ikishavunjika, karatasi haitaonyesha kitu.