Kwa Nini Mtoto Mchanga Huamka Usiku?

Wazazi wengi hudhani kuwa mtoto mchanga aamkaye usiku ni mkaidi au amedekezwa. Elimu ya viumbe yatufundisha vinginevyo. Katika kila saa 24, mtoto huyo hulala takriban saa 14 hadi 17, lakini kwa vipindi vifupi, kwani tumbo lake ni dogo nalo huhitaji maziwa mara kwa mara. Tena, ubongo wake bado hautofautishi usiku na mchana. Uwezo huo hujengeka polepole katika miezi ya kwanza, ukisaidiwa na mwanga wa mchana na giza la usiku. Kumkaripia, basi, hakumfundishi kitu. Anyonyeshwe, abembelezwe, kisha alazwe chali, mlalo uliothibitika kupunguza vifo vya ghafla vya watoto usingizini.