Wachoyo wa Tyuni, Wakarimu wa Tyuni

Ukikutana na mpigaji wa gitaa la mapajani, lile ambalo watu wengi hulijua kwa jina la gitaa la Hawaii, salamu zikiisha hutaulizwa gitaa lako umelinunua kwa bei gani. Utaulizwa nyuzi umezityuni vipi. Jibu linakutambulisha kama ukoo unavyomtambulisha mtu kijijini: ukisema C6, wenzako wanajua una mapenzi na nyimbo za Hawaii au na swing ya Texas, ukitaja D ya wazi, wanakusogeza kwa watu wa bluzi.

Swali hilo lina sababu zake. Gitaa hili halikumbatiwi kifuani. Hulazwa mapajani, nyuzi zikitazama juu, mkono wa kulia ukidona kwa kucha za bandia, wa kushoto ukitelezesha kipande kizito cha chuma juu ya nyuzi bila kuzikandamiza hadi chini. Chuma hakikunjiki kama vidole. Mpigaji hana uhuru wa kujiundia kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, anavyotaka. Nyingi atakazozipata ni zile alizokwisha kuzitayarisha alipokuwa akikaza na kulegeza nyuzi. Kwa hiyo tyuni ni mtaji.

Na mtaji hufichwa. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa upigaji huu ni Joseph Kekuku, kijana wa Laie katika kisiwa cha Oahu, karibu na mwaka 1889. Mwaka 1904 aliondoka kwao, akapiga na kufundisha Marekani na Ulaya hadi alipofia New Jersey mwaka 1932. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya 1915, Wamarekani walishikwa na wazimu wa muziki wa Hawaii, na aliyejua kupiga alipata mkate wake. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wapigaji wa zamani hawakwenda mapumziko kabla ya kulegeza nyuzi kwanza, asije mjanja akazigusa na kuiba siri. Siwalaumu. Ila uchoyo huo ulikuwa na gharama yake: ilipofika miaka ya 1970, visiwani kwenyewe wapigaji walikuwa wamezeeka na vijana waliowafuata walikuwa wachache.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1972 alihamia Honolulu Jerry Byrd, mzungu wa Ohio aliyenaswa na sauti hii tangu utotoni, akawa nyota wa chuma katika muziki wa kantri. Yeye ndiye anayesifiwa kwa kuieneza C6. Huko Honolulu alifundisha vijana, akaandika kozi nzima ya upigaji, na mwanafunzi wake Alan Akaka naye akawa mwalimu. Tangu hapo mila imegeuka. Leo mgeni akiuliza tyuni, atatajiwa noti moja moja kutoka uzi mnene hadi mwembamba: C, E, G, A, C, E. Pengine ataandikiwa na unene wa nyuzi.

Ukarimu huo, hata hivyo, haufiki kwenye magitaa yenyewe. Hapo watu hawa wana macho ya sonara. Gitaa linalozungumzwa kwa sauti ya chini ni Rickenbacker la bakelaiti, plastiki nyeusi ngumu, lililoanza kutengenezwa 1935. Kabla yake kampuni ya Rickenbacker ilikuwa imetoa gitaa la alumini, mwaka 1932, lililobandikwa jina la kikaango kwa umbo lake la duara na mkono mrefu; tatizo ni kwamba chini ya joto la taa za jukwaani alumini ilitanuka na nyuzi zikapoteza tyuni. Juu ya nyuzi za gitaa la bakelaiti zimepita sumaku mbili zilizopindwa kama herufi U. Mnunuzi mzoefu huja na rula. Sumaku zenye upana wa inchi 1.5 ni za kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Za inchi 1.25 ni za baada yake, na bei hushuka papo hapo. Akishapima hugeuza gitaa, akatafuta ufa, akauliza kama vitufe ni vya asili. Ukilipaka rangi mpya ukidhani umelipendezesha, umejipunguzia bei mwenyewe.

Asiye na fedha hizo hakosi pa kuanzia. Kampuni ya Oahu, ambayo licha ya jina lake ilikuwa Cleveland, iliuza masomo pamoja na magitaa kwa familia za kawaida, na mengi yalihifadhiwa chini ya vitanda hadi wajukuu walipoyafukua. Hata Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa ya umeme, alianza na magitaa ya mapajani, mwaka 1945, kabla dunia haijamjua kwa Telecaster. Magitaa ya wanafunzi bado ni nafuu kuliko magitaa ya kawaida ya umri huo, kwa sababu rahisi tu kwamba wanaoweza kuyapiga ni wachache.

Hoja ambayo bado inawagawa ni ya sumaku zilizochoka kwa uzee. Wapo wanaozipeleka kutiwa nguvu upya. Wengine wanasema udhaifu huo ndio utamu wenyewe, wala hawataki fundi azisogelee.