Doz Imepigwa Ngeta

Kuna boyz wa ploti yetu hapa Pipeline anatokanga kwa mlango saa kumi na nusu asubuhi, giza bado iko, bag imemshinda ukubwa. Haendi ocha. Anaenda shule. Basi inambeba saa kumi na moja juu lazima izunguke Embakasi yote ikiokota watoi, na yeye ndo wa kwanza. Mimi nashika shifti ya usiku kwa godauni Indaa, so tunapatananga kwa ngazi, yeye akishuka, mimi nikipanda. "Niaje brathe," ananisalimia, macho zimefungwa. Siku moja nilimpata getini amelala wima, kichwa kwa ukuta, mdomo wazi. Makanga alimpakia kwa basi ka gunia ya waru.

Sasa ngoja jioni usikie wazazi wakibonga hapo kwa ngazi. "Watoi wa siku hizi ni wavivu, kazi ni kulala na simu." Maze, hiyo story mimi nimeikataa. Huyo mtoi si mvivu, ameibiwa. Doz yake imepigwa ngeta, na wenye walimshika shingo ni wengi.

Wacha tupige hesabu. Madaktari wa usingizi wa Marekani walisema 2016 ati mtu wa miaka 13 hadi 18 anafaa kudoz masaa 8 hadi 10. Boyz wetu anaamka saa kumi. Ina maana saa mbili usiku anafaa kuwa amezima. Saa mbili! Hiyo ndo saa mathe anaingia kutoka mboka, jiko ndo inawashwa, na homwaki haijafunguliwa. Halafu kuna kitu wazazi hawaambiwangi: ukibalehe, saa ya ndani ya mwili inarudi nyuma. Ile homoni ya kuleta usingizi, melatonini, inachelewa kuja, saa zingine hadi masaa mawili. So mtoi akikuambia saa tatu usiku ati hasikii usingizi, hakuchezi.

California waliskia hiyo maneno. Walipitisha sheria 2019, na kutoka Julai 2022 sekondari zao nyingi haziwezi anza masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Na usidhani Kenya hatuna yetu. Kanuni za elimu za 2015 zinasema shule ya kutwa ianze class saa mbili, imalize saa tisa na nusu, kisha hadi saa kumi na moja kasorobo ni michezo na vilabu. Iko kwa karatasi, na muhuri juu. Sasa wewe simama stage yoyote ya Eastlands saa kumi na mbili asubuhi, uhesabu sweta za shule.

Hiyo michezo nayo ni story. P.E. iko kwa taimtebo vile picha ya guka iko kwa ukuta: unaiona, lakini haikuambii kitu. Mtihani ukikaribia, ticha wa hesabu anaimeza bila chumvi. Wenye wanacheza ni timu ya shule, wasee kumi na moja, na wengine wote wanapelekwa kushangilia. WHO walipiga hesabu ya watoi wa shule wa miaka 11 hadi 17, wakapata ati 2016 asilimia 81 duniani walikuwa hawafikishi ile lisaa limoja la kusonga kila siku. Machali walikuwa 78, masupa 85.

Hapo kwa masupa tusimame kidogo. Siz yake huyo boyz alikuwa anacheza kati kutushinda wote. Hakuna mpira ulimgusa. Siku ile alianza kubadilika mwili, wasee wa base wakaanza kumpigia miluzi, na mathe akamwambia akae ndani. Sai anabeba maji. Mtungi wa lita 20, kutoka chini hadi floor ya sita, trip tatu maji ikikatika. Ukiangalia jasho peke yake, huyo amepita mababi wote wa jimu. Lakini sijawahi ona akicheka na mtungi mgongoni, na kwa kati alikuwa anacheka hadi anaanguka.

Na wacheze wapi? Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, mfungwa wa vita Mtaliano akiweka mawe, na bado waliacha uwanja na sosho. Mkoloni! Jericho wako na Camp Toyoyo. Ziwani wako na uwanja wa Umeme, tonamenti ya Koth Biro ikifika Disemba watu wanajaa hadi juu ya miti. Huku kwetu landilodi alijenga hadi mwisho wa ploti, akaongeza balkoni juu ya barabara. Ukinyoosha mkono kwa dirisha unamsalimia jirani wa ploti ingine. Watoi wanapiga juala kwa koridoo, mama wa chini anatoka na mwiko, mechi imeisha.

Hapo ndo mambo inakuwa duara. Msee hajatoka jasho mchana, usiku mwili haujui kwa nini ulale. Hajalala, kesho hana nguvu ya kukimbia, na njaa ya asiyelala haitaki sukuma, inataka chipo na soda. Wengine wanajisukuma na zile drink za kopo. Kunywa moja saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku karibu nusu ya kafeini bado inakuzunguka kwa damu. Jaba nayo usiniulize, nimeona machali wa Form Two wakitafuna ka mbuzi wakisubiri usingizi uogope.

Simu? Ndio, simu pia ni mwizi. Data za usiku ni bei ya chini, TikTok haina mwisho, na Champions League inaanza saa nne, kukiwa baridi Ulaya ni saa tano, so kipenga cha mwisho kinalia saa saba ukiwa na basi saa kumi na moja. Lakini wale washauri wa redio wananibambanga. "Usiweke simu bedruumu." Buda, bedruumu iko wapi? Keja ni single. Pazia ndo ukuta. Huku mathe anakaanga vitunguu, huku TV, huku watoi watatu kwa godoro moja, chini kuna baa, next door kuna kesha. Na hata ukizima yote, mulika mwizi imesimama nje ya dirisha ikimwaga taa kwa macho yako hadi asubuhi. Siz alishona leso mbili nzito akafunika dirisha. Hiyo ndo dawa ya maana nimewahi ona hapa, na haikutoka redio.

Kuna siku nilimwambia huyo boyz story ya Kipchoge wa marathoni. Alikuwa anajua yote: Vienna, Oktoba 2019, 1:59:40. Chenye hakuwa anajua ni ati huko kambi ya Kaptagat mzee analala mapema usiku, na mchana anarudi kitandani tena. Kulala ni sehemu ya mazoezi. Homoni ya kukua inatoka kwa wingi ukiwa kwa usingizi mzito. Akanicheki. "So nikidoz, ni ka nafanya tizi?" Nikamwambia ni hivyo tu.

Kuna ploti moja nyuma ya stage bado haijajengwa. Msee mmoja wa boda anakusanya watoi hapo Jumanne na Alhamisi, basi zikishawashusha, wanapiga boli hadi giza. Boyz wetu ameingia. Siz pia, golini, na leso kichwani. Lori ya mawe imeshashusha trip mbili kwa kona, so sijui ni ya hadi lini.

Jumanne iliyopita nilikuwa ofu. Champions League, saa tano, nikaona nimwite boyz tucheki pamoja juu ni damu ya Arsenal. Nikagonga polepole. Mathe akafungua nusu mlango, kidole kwa mdomo.

"Amezima tangu saa tatu, na viatu miguuni." Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Na wewe, kijana wangu, kwani hulalangi?"