Kwera Wajengao Mbele ya Chuo

Ni nyumba chache katika mwambao wetu zisizokuwa na ndege ajengaye karibu nazo. Mbayuwayu hubandika udongo chini ya mapaa, tetere hutandaza vijiti vichache juu ya mlimau, na kwera, ambaye wengine humwita mnana, hutundika viota vyake katika makuti na matawi vikaning'inia kama vikapu sokoni. Watu wengi huwaona ndege hawa kila siku wala wasiwatazame. Na wale wawatazamao, hasa watoto, haupiti muda ila hukutana na jambo la kuwahuzunisha: kinda aliyeanguka, yai lililopasuka, nyoka aliyejizungusha mlangoni mwa kiota. Hapo huja maswali ambayo mzazi hana budi kuyajibu, nayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Sisi twasomesha katika chuo chenye mkwaju mkubwa uwanjani, na kila masika yakianza kwera huja wakajenga humo, makelele yao yakashindana na sauti za wanafunzi. Dume lake lina kichwa cheusi, jicho jekundu na mwili wa manjano. Huenda kwenye kuti au jani refu la nyasi, akaliuma ukingoni, kisha akaruka. Na kwa kule kuruka jani huchanika utepe mrefu mwembamba. Kwa mdomo na miguu tu, bila ya sindano wala mkono, hufunga pete moja kwenye kitawi. Akisha husimama ndani ya pete hiyo na kufuma pale mdomo wake unapofikia, chumba upande mmoja na ukumbi upande wa pili. Yaani kipimo cha nyumba ni mwili wake mwenyewe. Na mlango huuelekeza chini, ili mvua isiingie na adui apate taabu.

Nyumba ikiisha, dume hujining'iniza chini yake, akapigapiga mabawa na kuita. Majike huja kutazama. Jike huingia, akavutavuta nyuzi kwa mdomo, na asiporidhika hwenda zake. Zikipita siku kadhaa hakupatikana wa kuingia, majani hukauka na kuwa rangi ya kahawia, na majike hupenda kiota kibichi. Basi dume hukibomoa kwa mdomo ule ule uliokifuma, akaanza upya. Habari hii huwasimulia wanafunzi walio wavivu wa kuandika ubao mara ya pili. Hucheka, kisha huandika. Dume likifanikiwa huweza kuwa na majike kadhaa, kila mmoja na nyumba yake, na juu ya hilo sisi hatuna la kusema.

Jike akikubali hutandika ndani manyasi laini na manyoya, akataga mayai mawili au matatu. Huyaatamia kadiri ya siku kumi na mbili, na makinda hukaa kiotani kama majuma matatu, wakilishwa wadudu.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini mkwaju wenye viota mia hujulikana na kila mwenye njaa. Huja kipanga mmoja wa kijivu mwenye uso wa manjano, ambaye Mwenyezi Mungu amempa miguu ya ajabu: viungo vyake hupinda mbele na nyuma, hata aweza kuning'inia kwenye tawi na kuupenyeza mguu wake kiotani akatoa kinda mmoja mmoja. Huja nyoka wa mitini wakati wa mchana, akaingiza kichwa katika mlango ule ule uliofumwa kwa ajili ya kumzuia. Kwera wote hupiga ukelele, naye huendelea kula.

Lakini aliyewatia wanafunzi wetu simanzi kuliko hao wote ni kekeo mdogo, mwenye mgongo wa kijani unaong'aa kama shaba juani. Sauti yake husikika mvua zinapokuja. Yeye hajengi. Jike lake huvizia kiota cha kwera, akaingia upesi, akataga yai moja, akaenda zake. Kinda wa kekeo huanguliwa mapema, na siku chache baadaye, angali kipofu na hana hata unyoya, huyasukuma mayai au makinda ya mwenye nyumba mpaka yakaanguka nje. Kisha hubaki peke yake, akalishwa na kwera mpaka akawa mkubwa.

Asubuhi moja watoto waliwakuta makinda wawili wa uchi chini ya mkwaju, wamekwisha kufa. Mmoja wao, kijana wa miaka tisa, alituuliza: "Maalim, huyu kekeo ana dhambi?" Tukamjibu kwamba hana, kwani hakupewa hiari wala hakuamrishwa sheria. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na hawa wawili, walikuwa na dhambi?"

Wako wazee ambao wangelimwambia kijana huyo aache kulilia ndege. Sisi hatuoni hivyo. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud, kutoka kwa Abdullah bin Masud, kwamba masahaba safarini walichukua makinda wawili wa ndege mdogo, na mama yao akawa anakuja akipigapiga mabawa. Mtume (S.A.W.) alipomwona aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Ikiwa uchungu wa ndege ulitambuliwa na yeye, basi huruma ya mtoto wa miaka tisa haifai kufanyiwa mzaha. Tulimwacha alie. Kisha tukawazika wale makinda, na siku ya pili tukaanza hesabu ubaoni.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua kwera wawili, dume na jike. Tuseme walea makinda sita kwa mwaka, wasife hata mmoja, na kila wawili wafanye vivyo hivyo mwaka ufuatao. Mwaka wa kwanza watakuwa 8, wa pili 32, wa tatu 128. Mwaka wa kumi watapita milioni mbili, na wote wametoka katika kiota kimoja. Nao kwera hula mpunga na mtama. Watoto wa wakulima waliokuwamo darasani walicheka kwa hofu walipoiona tarakimu ya mwisho. Kijana wetu hakucheka, lakini aliinakili hesabu ile katika daftari lake.

Liko jambo jingine, na hili kwetu ni la ajabu zaidi. Mayai ya kwera hawa hayafanani. Jike mmoja hutaga meupe, mwingine ya kijani-buluu, mwingine yenye madoadoa. Lakini kila jike hushika rangi yake maisha yake yote. Kwa hivyo rangi ile ni kama muhuri. Kekeo akitaga yai lisilolingana nayo, mwenye nyumba huweza kulitambua akalitupa. Sasa sikilizeni. Kwera wa namna hii walipelekwa na watu katika kisiwa cha Mauritius mwaka 1886, na kabla ya hapo katika kisiwa cha Hispaniola, huko Haiti na Jamhuri ya Dominika, ambako kekeo huyu hayuko. Mwaka 2005 mtaalamu mmoja wa Marekani, David Lahti, alieleza aliyoyaona katika mayai ya huko: rangi za majike mbalimbali zimekaribiana, na mayai ya jike mmoja hayalingani tena barabara kama zamani. Pasipo mwizi, muhuri umeanza kufifia. Hatusemi kuwa habari hii yaondoa uchungu wa makinda wawili. Twasema kuwa uzuri wa mayai yale umefungamana na adui yao, na mwenye kutaka kimoja hana budi kukikabili cha pili.

Lakini si kila ukali uonekanao mtini ni wa maumbile, na hapa ndipo tunapotaka wazazi wazingatie. Kunguru wa Bara Hindi, ambaye Mombasa huitwa kurabu, hakuwako pwani yetu. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Kufikia 1947 alikuwa amekwisha onekana Mombasa, na leo amejaa katika miji ya mwambao. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo bila kiasi, kwani njaa haimpunguzi: asipopata kinda hula jalalani, na kwa hivyo idadi yake haishuki kama ya kipanga ashindwapo kuwinda. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza azma ya kuwaondoa kunguru milioni moja kabla ya mwaka ule kwisha. Katika hadithi sahihi kunguru ametajwa miongoni mwa viumbe vitano ambavyo hata aliyehirimia ameruhusiwa kuviua. Lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa, na jiwe la manati alirushalo mtoto kwa kunguru hupiga kwera. Kunguru halishwi na mkwaju, hulishwa na sisi. Matumbo ya samaki yafukiwe, pipa la taka liwe na kifuniko, na masalio ya karamu za harusi yasilale uani mpaka asubuhi.

Nyoka aachwe. Katika nyoka wa kijani wa mitini yuko ambaye sumu yake huzuia damu kuganda, na mtoto apandaye mti kumfukuza ajitia hatarini kwa jambo lisilo lake. Kinda aliyeota manyoya akionekana chini akirukaruka, asichukuliwe nyumbani. Awekwe tawini pasipofikiwa na paka, na wazazi wake watamfuata kumlisha. Yale yasemwayo kuwa mama humkataa kwa harufu ya mkono wa mtu si kweli. Kinda wa uchi arudishwe kiotani ikiwezekana. Wale wapelekwao majumbani wakalishwa wali na mkate wengi wao hufa, kwani chakula chao ni wadudu.

Na mwenye paka amfungie ndani alfajiri, mpaka jua lipande, kwa yale majuma machache ambayo makinda wanajifunza kuruka. Kijana wetu wa hesabu ameshafanya hivyo kwao, na paka wao hulia mlangoni tangu adhana ya kwanza.