MATUMBAWE YANAPOPAUKA: JAMBO LA BAHARI LINALOMHUSU MWENYE SHAMBA



Huenda baadhi yenu mkajiuliza, jarida la wakulima wa karafuu lina haja gani na habari za mwamba wa bahari. Jawabu ni fupi. Mchumaji wa karafuu hali karafuu. Hula muhogo kwa samaki, na changu, chewa na pono makao yao ni matumbaweni. Mwamba ukifa kitoweo hupungua, na bei yake hupanda mpaka huku mashamba. Tena mwamba ndio ukuta unaovunja mawimbi kabla hayajafika pwani. Kwa hiyo tumeona inafaa tuwaeleze habari za kupauka kwa matumbawe, na yale tuwezayo kuyafanya sisi tulimao.

Tumbawe ni kitu gani?

Watu wengi hudhani tumbawe ni jiwe, kwani tumezoea kuliona katika kuta za majumba na katika tanuri za chokaa. Sivyo. Tumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, kila mmoja akijijengea kikombe chake cha chokaa. Ndani ya miili yao hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kufanya chakula, kama lifanyavyo jani la mkarafuu, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Hata rangi nyingi za tumbawe zatokana na mwani huo.

Bahari ikipata joto kupita kiasi, ujirani huu huvunjika. Digrii moja tu zaidi ya joto la kawaida la mwisho wa kaskazi, ikidumu majuma kadhaa, yatosha. Mwani huanza kutoa sumu, na mwenyeji huufukuza. Hapo tumbawe hubaki jeupe, maana nyama yake haina rangi na chokaa ya ndani huonekana. Bado halijafa, lakini lina njaa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi nalo hupona. Joto likiendelea, hufa, na magugu ya bahari huota juu yake. Baada ya miaka michache mawimbi hulivunja likawa kifusi, na samaki waliokuwa wakijificha katika matawi yake huhama au hutoweka.

Yaliyotokea mwaka 1998

Jambo hili si hadithi ya nchi za mbali. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida, likifuatana na El Niño kubwa, na kati ya Machi na Mei matumbawe yalipauka kote katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika Tanzania, miongoni mwa miamba iliyopata hasara kubwa kabisa ilikuwa Tutia, kule Mafia, na Misali, hapa kwetu Pemba. Duniani kote, wataalamu wamekadiria kwamba tukio la mwaka huo liliua asilimia 8 ya matumbawe. Joto lilirudi tena, likiwamo lile la mwaka 2016, na mwezi wa Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia imo katika upaukaji mkuu wa nne.

Kuna jambo la kutia moyo. Mkondo wa Pemba una kina kirefu, na wataalamu huamini kwamba maji yake ya baridi huyasaidia baadhi ya matumbawe ya upande huu. Lakini msaada huo hautoshi ikiwa sisi wenyewe twaudhuru mwamba.

Joto na matope

Joto hili latokana na moshi wa viwanda, magari na mitambo ya dunia nzima, na chama chetu hakiwezi kuuzima. Matope ni jambo jingine, kwani hayo hutoka kwetu. Mvua za masika zikipiga mlima ulioachwa wazi, udongo hushuka mitoni na kuingia katika hori zetu. Matope huliziba jua, huyafunika matumbawe, na tumbawe changa haliwezi kushika juu yake. Mwamba uliopigwa na joto, kisha ukafunikwa na matope, utaponaje?

Funzo zuri tunalipata mahali pasipo na bahari. Makanya, katika wilaya ya Same, ni nchi kavu chini ya milima ya Upare. Huko wapo wakulima wanaotumia ndiva, yaani mabwawa madogo ya kienyeji ya kukusanya maji, na hugawana maji hayo kwa zamu. Penye mteremko huchimba mtaro wa kukata mlima na kutupa udongo upande wa juu ukawa tuta. Wenyewe huita fanya juu. Wanafanya hivyo kwa ajili ya mahindi yao, wala si kwa ajili ya samaki. Lakini kazi ni ile ile: maji yaende polepole, udongo ubaki shambani. Sisi tulio na mvua nyingi zaidi tuna haja kubwa zaidi ya kazi hiyo.

Tufanye nini?

Kwanza, penye mkarafuu uliokufa tupande mwingine, na ardhi isiachwe wazi. Penye mteremko tuchimbe mitaro ya kukata mlima, wala tusipande muhogo kwa mistari ya juu kwenda chini.

Pili, tuiache miti ya kando ya mito, na mikoko ya hori tusiikate ovyo, kwani huchuja matope.

Tatu, tusinunue chokaa iliyochomwa kwa matumbawe yaliyovunjwa baharini.

Nne, tuwaunge mkono wavuvi wanaoupumzisha mwamba, kama watu wa Kisiwa Panza waliofunga sehemu ya mwamba wao kwa muda ili pweza wakue. Nyavu zinazovunja matumbawe tuzikatae. Pono naye tumwonee huruma, kwani ndiye mpalizi wa mwamba: hula magugu, na matumbawe machanga hupata pa kukaa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hatuna fundi wa kuujenga. Mwanachama mwenye shamba la mteremko na aanze mitaro yake sasa, kabla ya masika, na asiyejua namna ya kuipima amwendee bwana shamba wa sehemu yake.

Katibu