Ukaazi wa Mmoja si Ukaazi wa Nyumba Nzima

Hapana baraza leo, iwe Unguja au Pemba, isiyokuwa na mtu mwenye mwana, ndugu au jirani aliyekwenda Uingereza kwa ajili ya kazi ya ujuzi. Wako wauguzi, wako mafundi, wako wahasibu na waalimu. Wanapoondoka huacha nyuma yao mume au mke na watoto, na aghalabu huacha pia ahadi kwamba siku watakapopata ukaazi wa kudumu, jamaa wote watakuwa wamepata. Yatupasa kusema wazi kwamba ahadi hiyo haina msingi katika sheria ya nchi ile, na mwenye kuitegemea huweza kupoteza fedha, miaka, na hata umoja wa nyumba yake.

Njia ya mfanyakazi mwenye ujuzi ilianzishwa huko tarehe 1 Desemba 2020. Kwa kanuni zilizotumika hadi mwaka 2025, mfanyakazi aliyetimiza miaka 5 mfululizo, pasipo kuwa nje ya nchi zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote, na aliyefaulu mitihani ya lugha na ya maisha ya nchi hiyo, huweza kuomba ukaazi wa kudumu. Lakini ukaazi huo ni wake peke yake. Mke au mume huhesabiwa miaka 5 yake mwenyewe, kuanzia siku alipopewa ruhusa ya kukaa kama mwenza wa mfanyakazi, wala hairithi miaka ya mwenziwe.

Tuchukue mfano. Muuguzi aliingia mwaka 2021, naye mumewe akamfuata pamoja na watoto mwaka 2023. Muuguzi hutimiza muda wake mwaka 2026, ilhali mumewe hana budi kungoja hadi mwaka 2028. Katika kipindi hicho mume huweza kuendelea kukaa kama mwenza, lakini ni sharti aombe kuongezewa muda kabla viza yake haijakwisha. Akiketi kitako kwa kudhani kwamba ukaazi wa mkewe unamtosha, siku moja ataamka hana ruhusa yoyote.

Na watoto je? Kwa kawaida mtoto hupewa ukaazi pale wazazi wote wawili wanapokuwa wamekwisha kuupata au wanaupata kwa pamoja. Kwa hiyo watoto wa muuguzi wetu nao humngoja baba yao. Lakini akizaliwa mwingine huko baada ya mama kupata ukaazi, huyo huzaliwa raia wa Uingereza, kwa mujibu wa sheria ya uraia ya mwaka 1981. Hivyo nyumba moja yaweza kuwa na mama mwenye ukaazi, baba na watoto wakubwa wenye viza za muda, na mtoto mchanga mwenye uraia wa nchi nyingine. Mtoto huyo, atakapokuwa mtu mzima, atakabiliwa na sheria ya Tanzania isiyoruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Liko jambo jingine zito zaidi. Mume au mke ambaye hakuwahi kupewa ruhusa kama mwenza kabla mfanyakazi hajapata ukaazi hufungiwa mlango ule. Hubaki mlango mwingine, wa mwenza wa mtu mwenye ukaazi, ambao tangu tarehe 11 Aprili 2024 unadai kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, tena humwanzisha safari mpya ya miaka 5. Aliyeachwa Wete au Makunduchi kwa nia ya kuitwa mambo yatakapokaa sawa yafaa alijue hili mapema.

Mila zetu nazo zina mahali pake katika hesabu hii. Mtoto anayelelewa na bibi yake huku mzazi mmoja akibaki visiwani hawezi kuchukuliwa kwa wepesi, kwani mzazi aliyeko ng'ambo huulizwa kama ndiye mwenye dhamana ya malezi peke yake. Hali kadhalika, mke wa pili hapokewi kama mke ikiwa mwingine wa mume huyo huyo amekwisha kupokewa.

Gharama nazo si ndogo. Kuanzia Aprili 2025 ada ya kuomba ukaazi ilikuwa pauni 3,029 kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Kwa ada hiyo jamaa ya watu wanne ililipa pauni 12,116, na ombi likikataliwa ada hairudishwi.

Juu ya yote, kanuni zenyewe hazitulii. Tangu tarehe 11 Machi 2024 wahudumu wa wazee na wagonjwa wanaoingia upya wamezuiwa kuchukua jamaa zao, na tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuwaajiri kutoka nje ukafungwa. Mwezi Mei 2025 Serikali ya nchi hiyo ilipendekeza muda wa kungoja ukaazi uwe miaka 10 badala ya 5. Mwenye kupanga maisha ya watoto wake kwa habari za mwaka juzi anajenga juu ya mchanga.

Kila nchi ina haki ya kuweka masharti ya mipaka yake, nasi hatuigombi Uingereza kwa hilo. Tunalotaka ni kwamba watu wetu wasiondoke gizani. Twawaomba wakuu wanaohusika na kazi na ajira waone kwamba kila anayesafiri kwa mkataba anaelezwa, kwa Kiswahili na mbele ya jamaa zake, hukumu ya viza za wale anaowaacha. Aidha, ofisi zinazotoa vyeti vya ndoa, vya talaka na vya kuzaliwa zihakikishe kuwa majina na tarehe havigongani, kwani herufi moja iliyokosewa yaweza kumtenga mtoto na mamaye.

Nao wasafiri wasione haya kuuliza, kwani kuuliza si ujinga. Kabla ya kutia saini, mume na mke waketi pamoja wahesabu miaka ya kila mmoja na umri wa kila mtoto.